Mkwaruzo wa Mtu Mwingine

Alhamisi, 18 Aprili 2024

Munir amevunjika mtulinga. Mazoezini, si hata kwenye mechi — alitoka kufuata krosi, akagongana na beki wake mwenyewe, akaangukia bega. Nilikuwa mita thelathini na nikasikia. Mlio ule ukishausikia mara moja hausahauliki. Mimi nimeusikia mara nne, na mara mbili ulikuwa wangu.

Basi kipa wetu wa kwanza ndiyo hivyo, mpaka msimu ujao. Zimebaki mechi nne. Tuko wa nne kutoka mkiani na wanaoshuka daraja ni watatu. Fikri sasa ndiye wa kwanza. Na wa pili — hapo Kocha Tharwat alikohoa, akafunua karatasi ya usajili, akatafuta kwa kidole.

"Wa pili ni wewe, Wagdi."

Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka. Mwezi wa kwanza walikosa kipa wa tatu wa kujaza orodha, wakaniandika mimi, kocha wa makipa, mtu wa miaka arobaini na tatu, jezi namba 33. Ulikuwa mzaha. Sasa mzaha uko benchi na glovu mkononi.

Nimemwambia Nadra jikoni. Mke wangu hakunitazama usoni, alinitazama tumbo.

"Baba Ghada, hiyo jezi ni saizi gani?"

Lakini tangu mchana kuna kitu kimeamka kifuani na hakitaki kulala tena. Nitajifua kama kipa wa pili kweli, si kama jina la kwenye karatasi.

Ijumaa, 19 Aprili

Chakula cha mchana kwa Baba, kama kila Ijumaa isiyo na mechi. Bata aliyejazwa vitunguu na zabibu kavu. Baba ana miaka themanini na moja na bado anashuka karakana kila asubuhi kuwasumbua wafanyakazi. Mikono imechoka, jicho halijachoka. Anaona mlango wa kabati umepinda kwa upana wa unywele bila kushika rula. Hapa Dumyati kila nyumba ya pili ina seremala, na bado watu wanamletea fremu zao azitazame tu.

Nikamwambia nimekuwa kipa wa pili wa timu. Akaendelea kutafuna. Akasema bata amezidi chumvi.

Tulikuwa tumekaa kwenye lile benchi. Sijawahi kuliandika humu, basi leo niliandike.

Nilipokuwa na miaka tisa Baba alinitengenezea lango, la mbao ngumu nyeupe iliyobaki kwenye vitanda vya maharusi, akalisimamisha uwanja mtupu nyuma ya karakana. Hapo ndipo nilipojifunza kuruka na kuanguka. Nikiwa na kumi na saba nikachukuliwa na timu ya mji. Ishirini na moja, kipa wa kwanza. Akina mama walikuwa wakinipigia vigelegele sokoni, wallahi. Halafu mwezi wa tano, 2005, tukaenda kwa Sukari, timu ya kiwanda cha sukari, tukitafuta sare tu tusishuke. Dakika ya themanini na nane nikafungwa shuti la mbali ambalo hata bibi angelidaka kwa sufuria. Tukashuka. Kesho yake mji mzima unasema: Wagdi kauza mechi.

Jioni hiyo Baba alichukua msumeno, akalikata lango, akatengeneza benchi. Hakuniuliza neno. Hajakanyaga uwanja wa mpira tangu siku ile. Miaka kumi na tisa, kila nikiwa nyumbani, nakula bata nimelikalia lango langu mwenyewe.

Sikuuza. Ilikuwa kitu kingine, na kwa kipa ni aibu kuliko kuuza. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 21 Aprili

Mwili wote unauma. Hata masikio.

Nimeruka mara sitini kushoto, sitini kulia. Ile ya kulia mara ya arobaini nilibaki chini, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kidole cha pete cha kushoto hakikunjiki tangu nilipocheza Yordani. Goti la kulia nililiachia Libya. Cha kushangaza mikono bado inakumbuka. Mpira ukitoka mguuni mwa mtu, mikono inaondoka kabla sijaamua.

Nadra alinifunga vidole kwa plasta jioni, kimoja kimoja.

"Unataka nini hasa?" akaniuliza.

"Nataka nikihitajika niwepo."

"Hujibu nilichouliza." Akaendelea kufunga.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nimemfundisha Fikri kukwaruza. Kijana ana miaka ishirini na sita, ana mke, ana kasi ya paka, na hajui kukwaruza.

Kipa akitoka langoni, lango linakuwa mgongoni kwake, halioni. Kwa hiyo kabla ya mpira kuanza anaburuta kisigino kutoka katikati kabisa ya mstari wa goli mpaka ukingo wa boksi dogo. Baadaye akirudi kinyumenyume anatupa jicho chini, anajua yuko wapi. Refa akiona ni kadi ya njano, ndiyo maana tunajifanya tunasugua tope la kiatu.

Nilimfanya arudie mara ishirini. Chora, nenda kwenye alama ya penalti, geuka, tazama kama umenyooka. Akanuna.

"Kapteni, si mkwaruzo tu huu?"

Nikamwambia arudie mara ishirini nyingine. Nilipaza sauti kuliko ilivyostahili, na wachezaji wengine wakageuka kutazama. Hajui, masikini. Wa kujua ni mimi.

Jumamosi, 27 Aprili

Jana sare, 1–1. Fikri alicheza vizuri. Mimi benchi, nimevaa koti mpaka shingoni juu ya jezi namba 33.

Nje ya uwanja mwanamume mmoja mzima, na mvi, akaniita, "Wagdi! Leo bei gani?" Wenzake wakacheka. Zamani ningemfuata. Nimepita. Suweizi, nilipohamia baada ya mwaka ule, waliniuliza hivyo hivyo. Yordani wiki ya pili tu, mchezaji mmoja akaniuliza kwa kunong'ona, wewe ndiye yule? Libya pia. Jina langu lilikuwa linatangulia kufika kila mahali, na mimi nafuata na begi.

Jumamosi, 4 Mei

Tumepigwa 2–0. Wa tatu kutoka mkiani. Zimebaki mbili: moja hapa nyumbani, na ya mwisho ugenini.

Ya mwisho ni kwa Sukari. Ratiba ilitoka tangu mwezi wa tisa, naijua kwa moyo. Nilikuwa najiambia hainihusu.

Jumatatu, 6 Mei

Shamu Nesimu, sikukuu ya kukaribisha machipuko. Watu wote wa Dumyati leo wako Ras el-Bar, kwenye nyasi, na mayai ya rangi, na vitunguu vibichi, na ile fesikhi yao — samaki wa chumvi aliyevunda miezi, anayenuka mpaka ng'ambo ya mto. Nadra haruhusu iingie kwetu. Sisi tunakula samaki tuna wa kopo na hatuoni haya.

Alhamisi nilimwonya Fikri. Nilimwambia, mwanangu, mwaka huu usile. Kila mwaka redio inasema, kila mwaka watu wanalazwa.

"Kapteni, mama mkwe kaivundika kwa mikono yake. Nisipokula ni kama nimemtukana."

Saa kumi jioni simu ya Tharwat.

"Kala," akasema, bila hata salamu.

Nyumba nzima, watu saba, hospitali. Wote wako hai, alhamdulillahi, ila Fikri anaona kila kitu viwili viwili. Wiki tatu au nne, daktari kasema. Kisha Tharwat akasema:

"Kesho saa mbili uje uwanjani, tuzungumze."

Nikakata simu. Nadra alikuwa ananimenyea yai. Akaniangalia, akalirudisha kwenye sahani.

"Usiniambie ni fesikhi."

"Ni fesikhi."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha ghafla, maana aliuona uso wangu. Nilikuwa natabasamu. Mtu yuko kitandani anaona dunia mbili na mimi natabasamu! Mungu anisamehe. Nimemwombea Fikri magharibi yote.

Jumanne, 7 Mei

Tharwat alikuwa amekaa peke yake jukwaani. Tumecheza pamoja, mimi na yeye. Siku ile ya 2005 yeye ndiye aliyekuwa beki wa kulia.

"Nakupanga Ijumaa," akasema. "Na nakupanga kwa Sukari. Sina mwingine. Lakini kabla sijakupanga niambie kitu kimoja, na sijawahi kukuuliza. Uliuza?"

Miaka kumi na tisa. Tumekula pamoja, tumezikiana wazazi, yeye ndiye aliyeniajiri. Na swali lilikuwa limekaa tumboni mwake muda wote huo.

"Sikuuza."

"Basi ilikuwaje? Mpira ule, Wagdi. Mpira ule."

Akasubiri. Akasimama, akajikung'uta suruali.

"Haya. Nimekuamini," akasema. Lakini alisema kama mtu anayemwamini fundi bomba, kwa kuwa maji yameshajaa ndani.

Nimeumia. Nimeumia vibaya. Na wa kumlaumu simpati, kwa sababu ukweli ninao mimi na nimeuficha mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Tumeshinda 1–0!

Nilidaka krosi tisa. Nimezihesabu. Moja nilimrukia mshambuliaji wa miaka ishirini juu ya kichwa, nikatua nayo, na uwanja ukanyamaza kwanza kabla ya kushangilia, kama hawakuwa na uhakika wanaruhusiwa. Nilikwaruza mkwaruzo wangu kila kipindi. Nilitoka wa kwanza baada ya mapumziko.

Sasa hesabu ni nyepesi. Kwa Sukari tukipata sare tunabaki. Tukifungwa tunashuka. Na Sukari wakishinda wanapanda daraja, kwa hiyo hawatatuonea huruma. Sare — ile ile ya mwaka ule. Mkahawani tayari wanasema. Mwenye mkahawa, mtu mwema, kaniletea chai mwenyewe, akaniambia kwa upole, "Kapteni, kama unaumwa useme tu, hakuna atakayekulaumu." Maana yake: usiende.

Naenda.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwambia Baba.

Nilimkuta karakana, kwenye benchi, anakunywa chai. Nikakaa. Nikasema, Baba, kuhusu siku ile.

"Siku ipi?"

Aliijua. Nikaanza. Nilisema nikitazama vumbi la mbao sakafuni, kwa sababu nikimtazama yeye ningekwama. Nikamwambia mapumziko kocha wetu wa wakati ule alitubana chumbani kwa kelele zake, nikatoka mwisho, refa ameshatia filimbi mdomoni. Sikupata nafasi ya kukwaruza. Nikatazama chini, nikaona mkwaruzo wa kipa wao wa kipindi cha kwanza, Sabri. Mpya, safi, umenyooka kama uzi. Nikamshukuru Mungu. Nikausimamia mkwaruzo ule dakika zote zile. Shuti likaja kushoto kwangu, nikaruka, vidole vikaligusa, na kiganja kikakosa. Mechi ilipokwisha nilirudi kuchukua taulo yangu wavuni. Nikasimama kwenye alama ya penalti, nikageuka. Mkwaruzo haukuwa katikati ya lango. Ulikuwa hatua nzima kulia kwa kipa.

Baba alikuwa ameweka glasi chini.

"Ulitumia kipimo cha karakana nyingine."

"Ndiyo, Baba."

"Hukukipima."

"Sikukipima."

"Hata kwa jicho?"

"Hata kwa jicho."

Mfanyakazi mmoja aliwasha mashine ya randa. Baba akampigia kelele azime.

"Na kwa nini hukusema?"

Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo kwa miaka, na majibu yangu yote mazuri yakapotea. Nikasema nilivyoona kweli: niliona aibu. Mtoto wa Fundi Shukri, aliyelelewa na rula, kasimama mahali pasipo katikati dakika arobaini na tatu na asijue. Mwizi angalau wanamwona mjanja. Halafu siku zikapita, na kila siku iliyopita ilikuwa ngumu zaidi kusema.

Baba alianza kutetemeka kidevu. Sijawahi kumwona hivyo, hata mama alipofariki.

"Mjinga ningemfundisha," akasema. "Mwizi sikujua nimfanye nini. Ndiyo maana nilinyamaza. Ungeniambia ulikuwa mjinga, Wagdi. Ungeniambia tu."

Nililia. Nina miaka arobaini na tatu na nimelia karakana, mbele ya mashine ya randa na vijana wawili wanaojifanya wanatafuta misumari.

Alipoinuka alipitisha kiganja juu ya benchi, pembeni, pale ambapo bado kuna tundu la ndoano ya wavu. Akasema mbao ilikuwa nzuri. Akapanda juu kulala.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwambia na Tharwat. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatukana kwa muda mrefu, si mimi, akimtukana kocha wetu wa 2005, Mungu amrehemu. Halafu akanikumbatia shingo kwa nguvu mpaka ikalia.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuita utoke chumbani," akasema. "Nakumbuka. Nilikuita mara mbili."

Kweli, aliniita. Nilikuwa nimesahau.

Jumatano, 15 Mei

Kukimbia. Barafu kwenye goti. Kukimbia. Kilo tatu zimeondoka, Nadra anasema mbili.

Baba hajasema chochote tangu Jumapili. Ila leo alimpigia Nadra simu, si mimi. Alitaka kujua kiwanja cha Sukari kina jukwaa upande gani, na kama nyuma ya malango mtu anaweza kusimama.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, baba mkwe, mimi ni mwalimu wa hesabu."

Alhamisi, 16 Mei

Tumefika. Hoteli ndogo karibu na kiwanda, hewa yote inanuka molasi. Harufu ile ile! Nilishuka kwenye basi, ikanipiga, nikawa na miaka ishirini na nne tena, begi mkononi, sijui kinachonisubiri. Nikasimama pale mlangoni mpaka dereva akaniuliza kama nimesahau kitu.

Sijasahau. Nimekula wali na kuku, nimeacha mkate. Nimefua glovu. Sina hofu — hapana, ninayo, lakini imekaa mahali pake.

Ijumaa, 17 Mei

Saa tisa na nusu. Chumba cha kubadilishia nguo, kwao. Bado nusu saa tutoke kupasha misuli. Naandika kwenye daftari hili la begi la glovu, vijana wanadhani naandika habari za washambuliaji.

Nimekutana na Sabri.

Yule yule. Sasa ni kocha wa makipa wa Sukari. Kanenepa, kichwa hakina unywele. Alikuja kunisalimia pale kwenye nyasi, akanibusu mashavu yote.

"Wallahi Wagdi, bado unacheza? Mimi nikiinama kuokota funguo naita watu."

Tukacheka. Halafu nikamuuliza. Sikupanga. Nikamuuliza, Sabri, mwaka ule, mkwaruzo wako ulikuwa kulia. Ulifanya makusudi?

Hakuelewa kwanza. Nikamweleza. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Bega langu," akasema. "Msimu ule bega la kulia lilikuwa bovu, nilikuwa sirukii upande huo. Nikawa nachora hatua moja kulia, niwe karibu nao, kushoto nitaruka. Nilifanya hivyo kila mechi. Ulikuwa wa mwili wangu mimi, ndugu yangu. Nani kakwambia uusimamie?"

Hakuna aliyeniambia.

"Na wewe," akasema, "miaka yote hii wanasema uliuza."

"Wanasema."

Alinishika mkono, akaubana, akaondoka bila kuaga. Nimekuja kukaa hapa. Nilikuwa natarajia hasira. Nimeitafuta, haipo. Mkwaruzo ulikuwa sahihi. Ila haukuwa wangu.

Tharwat anaita. Nitaendelea.

Ijumaa hiyo hiyo. Mapumziko.

0–0.

Naandika haraka. Goti limevimba, barafu iko juu yake. Nimeokoa mbili za kawaida na moja ambayo sijui niliiokoa vipi — kichwa, karibu, mkono wa kushoto, kile kidole kisichokunjika ndicho kilichoigusa. Mpira ukagonga mwamba ukatoka. Vijana wananiangalia kwa jicho jingine sasa.

Kipindi cha pili nahamia lango la upande wa mfereji. Lile. La mwaka ule.

Filimbi ilipolia nilitazama huko, mbali, nijue tu liko wapi. Nyuma ya wavu, kwenye kamba wanakosimama watu wao na mabango yao, kulikuwa na mzee mmoja wa kanzu ya kijivu. Amesimama peke yake kidogo, mkono mmoja mgongoni. Nilimjua kwa kusimama.

Miaka kumi na tisa! Sijui kaja na nani, sijui kapanda gari gani, mtu wa miaka themanini na moja. Hakuja jukwaa letu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya lango lile, akasimama dakika arobaini na tano nyuma ya kipa wao.

Nilichechemea mpaka ukingo wa boksi lile. Hakunipungia. Aliinua kiganja, akakilaza upande, jinsi anavyowafanyia vijana karakana wakimletea fremu mbovu. Halafu akaonyesha vidole viwili, akavisogeza kulia kwake.

Mkwaruzo wa kipa wao haujanyooka. Vidole viwili kulia.

Kijana huyo anayefundishwa na Sabri naye ana mwili wake.

Tharwat yuko katikati ya chumba anawafokea mabeki, ana haki, kona ile nusura ituue. Ataongea mpaka mlango ugongwe. Nimevua barafu. Glovu ya kushoto tayari, ya kulia nikimaliza mstari huu. Nitafuta wa yule kijana kwanza, kwa wayo wote, mpaka usionekane. Halafu nitachora wangu, nitakwenda mpaka alama ya penalti, nitageuka. Mzee atakuwa nyuma ya wavu. Akikunja uso nitachora tena.

Nimeinuka. Tharwat ameniona, bado anafoka, ila kajisogeza nipite mlangoni.